Wali, wari na ugali: chakula cha Mombasa ni kipi?

Muhula uliopita nilialikwa kuwa mmoja wa waamuzi wa mdahalo katika shule moja ya sekondari huko Ziwa la Ng'ombe, ng'ambo ya daraja la Nyali, si mbali na soko la Kongowea. Hoja iliyoandikwa ubaoni ilikuwa fupi: "Biriani ndicho chakula kinachoiwakilisha Mombasa." Nilikwenda nikitarajia burudani ya alasiri. Nilirudi na swali ambalo halijaniacha hadi leo, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Waungaji mkono wa hoja walijiandaa vyema. Walieleza jinsi nyama inavyolazwa katika mtindi na viungo, jinsi vitunguu vinavyokaangwa hadi vikawa rangi ya dhahabu, jinsi wali unavyotiwa zafarani na jinsi sinia moja inavyowakutanisha watu watano. Wapinzani nao walisimama upande wa pilau, wakadai kwamba hakuna harusi, Idi wala hitima ya Mombasa isiyokuwa na pilau. Mmoja akatetea viazi karai vya barabarani, mwingine akamtaja samaki wa kupaka. Mambo yalikwenda kwa ufasaha na ucheshi.

Ndipo akasimama mvulana mmoja kutoka viti vya nyuma. Alisema kwa sauti ya chini: "Sisi nyumbani twala wari kwa mtsunga. Na tumezaliwa papa hapa." Darasa zima likaangua kicheko. Mtu akapaza sauti: "Hicho ni chakula cha shamba!" Mvulana akaketi. Msichana aliyekuwa ameinua mkono kwenye safu ya pili akaushusha polepole. Baadaye aliniambia kwamba alikuwa amekusudia kutaja ugali kwa omena, kwa kuwa ndicho chakula ambacho mamake hupika, naye pia hajapata kuishi mji mwingine ila huu. Na mimi mwamuzi, nakiri, wakati wa kile kicheko nilitabasamu.

Kwa wasiojua, wari ni sima ya Wamijikenda, na mtsunga ni mboga ya majani machungu inayoota yenyewe mashambani na kando ya njia, ambayo Wagiriama, Wachonyi, Warabai na jamaa zao huipenda sana. Mvulana yule hakukosea neno lolote. Alijibu swali lililoulizwa. Kilichomfanya aketi si udhaifu wa hoja, bali ni uamuzi uliokwisha kufanywa kabla ya mdahalo kuanza kuhusu nani ni mtu wa Mombasa na nani ni mpitaji njia tu.

Yamkini msomaji atauliza iwapo jambo hili linastahili kushughulisha gazeti. Chakula ni chakula. Mwenye njaa hachagui. Lakini tukumbuke kwamba mji wetu umewahi kulipa gharama kubwa kwa sababu ya maneno mawili, "mwenyeji" na "mbara". Mnamo Agosti 1997, katika mapigano yaliyoanzia Likoni, watu waliuawa na maelfu wakayahama makao yao kwa kuwa walihesabiwa kuwa si wa hapa. Sisemi kwamba mapigano yale yalianzia jikoni. Siasa za mwaka ule wa uchaguzi zilikuwa na mkono mkubwa. Ninachosema ni kwamba watoto hawaanzi kujifunza tofauti ya mwenyeji na mgeni katika mikutano ya kisiasa. Huanza kujifunza mambo hayo kwa kicheko, darasani, juu ya chakula cha mwenzao.

Aidha, suala la chakula kuuwakilisha mji au taifa si mchezo tena duniani. Shirika la UNESCO lina orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, na mataifa hupigania nafasi humo kama yanavyopigania medali. Malawi iliingiza nsima yake mwaka 2017. Mwaka 2020 nchi nne za Afrika Kaskazini, yaani Algeria, Mauritania, Morocco na Tunisia, ziliingiza kuskusi kwa pamoja. Mwaka 2021 Senegal iliingiza wali wake wa samaki uitwao ceebu jën. Mwaka huo huo Kenya nayo ilitambuliwa, lakini si kwa mlo mmoja. Kilichotambuliwa ni mpango wa kuhifadhi vyakula vya asili ulioanza mwaka 2007, ambao kwao mimea ya chakula ipatayo 850 iliorodheshwa pamoja na majina yake ya kienyeji. Sababu ya kuanzishwa kwa mpango huo ni kwamba vyakula hivyo vilikuwa vimedharauliwa na kuhusishwa na umaskini. Ni dharau ile ile niliyoisikia Ziwa la Ng'ombe.

Basi tulitazame swali la wanafunzi kwa makini, tukianza na biriani yenyewe.

Kuna watu ambao huipinga biriani kwa kusema kwamba ni chakula cha kuja. Hoja hiyo ni dhaifu, nami siikubali. Ni kweli kwamba majina haya mawili, biriani na pilau, yana asili ya Kiajemi na yametufikia kwa njia ya Bara Hindi na biashara ya bahari. Lakini lau tungelitupa kila kitu chenye jina la kuja, tungebaki bila meza ya kulia, kwa kuwa neno meza ni la Kireno. Bila sahani, kwa kuwa ni la Kiarabu. Bila karai ya kukaangia, kwa kuwa ni la Kihindi. Neno likishakaa katika lugha likakubali sarufi yake, huwa ni la lugha hiyo. Chakula nacho ni vivyo hivyo. Biriani ya Mombasa, ambayo rojo lake hupikwa mbali na wali kisha likamwagiwa juu wakati wa kupakua, ina namna yake. Mikono iliyoifikisha hapo ni mikono ya akina mama wa Mji wa Kale, Kuze, Kibokoni na Majengo.

Na kuna jambo jingine la kuwatendea haki watetezi wa biriani. Mgala muue na haki yake mpe. Waswahili wa Mombasa wameambiwa kwa miaka mingi kwamba wao si kabila, kwamba ni Waarabu waliopungua au Waafrika waliozidi, kwamba hawana kwao. Mtu aliyenyimwa mambo mengi hushikilia sana alichobaki nacho. Anapotetea sinia ya biriani, pengine anatetea haki ya kuitwa mwenyeji katika mji ambao babu zake waliujenga. Haki hiyo ni yake. Kosa huanza pale haki ya mmoja inapogeuzwa kuwa mlango wa kumfungia mwingine nje.

Hata hivyo, biriani na pilau zina kasoro moja kama wawakilishi: ni vyakula vya siku maalumu. Hupikwa Ijumaa, Idi, arusini, na mgeni anapokuja. Mji hauwezi kupimwa kwa siku zake za karamu peke yake, kama vile mtu hapimwi kwa nguo za Idi. Wahenga walisema kwamba wali wa kushiba huonekana kwenye sinia. Lakini wengi wa wakazi wa mji huu hawaioni sinia hiyo ila mara chache kwa mwaka.

Wengine husema turudi kwenye asili: tutafute chakula kilicholiwa Mombasa kabla ya wageni wote. Naam, tujaribu. Ushahidi wa kale wa maandishi tulio nao kuhusu chakula cha kisiwa hiki ni wa Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika hapa mwaka 1331. Mjini Mogadishu alikuwa ameandaliwa wali uliopikwa kwa samli, ukaletwa pamoja na kitoweo cha kuku, nyama na samaki, na kando yake achari za ndimu, tangawizi na maembe. Alipofika Mombasa aliona mambo tofauti. Aliandika kwamba watu wa kisiwa hiki hawalimi nafaka, bali huletewa kutoka Sawahili, na kwamba chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki.

Ndizi na samaki! Hakuna biriani, hakuna pilau, hakuna mahamri. Na tazama hilo la nafaka: tangu mwaka 1331 kisiwa hakijilishi. Nafaka yake inatoka nje, na wataalamu wengi huifahamu Sawahili hiyo kuwa ni pwani ya bara iliyo jirani nacho. Leo magunia yanaingia Kongowea kwa malori badala ya mashua, lakini utaratibu ni ule ule. Jina lenyewe la Ziwa la Ng'ombe halina bahari wala ngalawa ndani yake. Ni jina la ardhi na mifugo. Anayesema kwamba chakula cha bara ya Mombasa si chakula cha Mombasa amesahau kwamba kisiwa kimekuwa kikilishwa na bara kwa karne nyingi.

Wala asiyekuwa na biriani asijidai kuwa yeye ndiye mwenye asili. Vasco da Gama alifika Mombasa mwaka 1498, miaka sita baada ya Columbus kuvuka bahari ya Atlantiki. Katika karne zilizofuata, mimea ya Amerika ilienea pwani yetu: mahindi, muhogo, nyanya, viazi, pilipili za kuwasha. Hivyo basi, sima ya mahindi ambayo mvulana wetu aliitetea si ya tangu na tangu, na rojo la nyanya la biriani si la tangu na tangu. Wote wawili wana deni kwa watu wa ng'ambo ya bahari. Senegal nayo imo katika deni kama hili, kwa maana wali wa ceebu jën uliimarika kwa mchele uliovunjika ulioletwa kutoka makoloni ya Ufaransa ya Asia ya Kusini-Mashariki. Jambo hilo halikuwazuia Wasenegali kuuita wao.

Sasa niruhusu, mpenzi msomaji, niingie katika fani yangu, kwa sababu hapa ndipo kicheko cha darasani kinapogeuka na kuwarudia wacheka.

Neno lililochekwa ni wari. Mchekaji anakula wali. Je, hayasikiki kufanana? Wanaisimu Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao cha mwaka 1993 kuhusu historia ya Kiswahili na lugha za Kisabaki, walionyesha kwa kina kwamba Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo, Kikomoro na Kiilwana ni lugha za mama mmoja. Mahali pengi ambapo Kiswahili kina l, Kigiriama kina r. Sisi twasema mawili, Mgiriama husema mairi; sisi twasema mlango, yeye husema muryango. Kwa hiyo wali na wari si maneno mawili yaliyogongana kwa bahati. Ni neno moja katika vinywa vya ndugu wawili. Mjini limeshikamana na mchele. Bara limeshikamana na unga.

Hebu tusogee hatua moja mbele. Katika lugha nyingi za Kibantu, sauti g iliyokuwapo zamani imedumu katika baadhi ya lugha na kudondoka katika nyingine. Mganda husema kugenda, sisi twasema kwenda. Mganda husema kugamba, yaani kusema, sisi tuna kuamba, ambalo limebaki katika kuambia. Sasa chukua neno ugali, uidondoshe g yake. Unabaki na u-ali. Na u ikikutana na a katika Kiswahili huwa wa. Unapata nini? Wali. Wasukuma wa kusini mwa Ziwa Viktoria husema bugali. Lubumbashi husema bukari. Wabemba wa Zambia, ambao nao wameidondosha g, husema ubwali. Wote hao wanakusudia chakula kigumu cha unga kinachosongwa. Ni wazi kwamba tunatazama familia moja ya neno, iliyotapakaa kutoka Kongo hadi Bahari ya Hindi. Neno ugali tulilo nalo katika Kiswahili yaelekea lilirudi kwetu baadaye kutoka kwa jamaa wa bara walioihifadhi ile g, likamkuta ndugu yake, wali, amekwisha kubadili kazi.

Lilibadilikaje? Maelezo mepesi zaidi ni kwamba neno hili halikuwa jina la nafaka. Lilikuwa jina la kile kinacholiwa hasa, ambacho mboga na kitoweo ni vya kukisindikiza. Wataalamu wa mambo ya kale waliochimba kisiwani Pemba walikuta kwamba katika makao ya Tumbe, ambayo ni ya zamani zaidi, uwele ndio uliokuwa nafaka kuu, ilhali katika mji wa Chwaka, uliostawi baada ya karne ya 11, mpunga ndio uliotawala. Nafaka ilibadilika mezani, na jina likahamia kwenye nafaka mpya. Upande wa Wamijikenda, mtama na uwele vilipoyapisha mahindi, jina nalo likahamia kwenye mahindi. Ndugu wawili walirithi chungu kimoja. Kila mmoja akapika alichokipata.

Kwa hiyo, siku ile katika darasa la Ziwa la Ng'ombe, mtetezi wa wali, mvulana wa wari na msichana aliyeushusha mkono wake wenye ugali walikuwa na neno moja wote watatu. Mmoja akacheka, mmoja akaketi, mmoja akanyamaza, na hakuna mtu mzima aliyekuwapo ambaye aliwaambia. Mtu mzima aliyelijua jambo hilo kuliko wote alikuwa akitabasamu.

Baada ya maelezo hayo, msomaji ana haki ya kudai jibu. Asiniache niponyoke kwa kusema kwamba vyakula vyote ni sawa. Hoja ilitaka mwakilishi, nami nitamtaja: ni mbaazi kwa mahamri.

Ninazo sababu tatu. Kwanza, huliwa kila siku na kila mtu. Ukipita Ziwa la Ng'ombe, Bombolulu, Mlaleo, Changamwe au Likoni alfajiri, utawakuta akina mama kando ya njia, karai juu ya jiko, sufuria ya mbaazi pembeni. Wanunuzi wao ni mwalimu, makanga, kibarua wa bandarini, mwanafunzi na askari anayetoka zamu. Mwislamu hula na Mkristo hula. Mwenye hela nyingi huagiza sahani nzima, na mwenye hela chache hununua hamri moja akaomba amwagiwe rojo. Sijui chakula kingine cha mji huu kinachovuka mipaka mingi namna hiyo kabla ya saa mbili za asubuhi.

Pili, katika sahani hiyo mji wote umo. Nilimwuliza mama mmoja aniuziaye mbaazi kuhusu vitu vyake. Alinijibu huku akigeuza mahamri: "Mbaazi hizi zatoka kwetu Makueni, mwanangu. Nazi zatoka Kaloleni. Unga watoka dukani." Nikamwuliza aliyemfunza kupika. "Jirani yangu, mama wa Kiswahili tuliyepanga naye nyumba moja. Mimi kwetu twazichemsha kwa mahindi, yeye akanifunza kutia tui." Msomaji ayatazame maneno hayo machache. Sehemu kubwa ya mbaazi za Kenya hulimwa Ukambani. Minazi mingi ya nchi hii imo Kilifi na Kwale, mikononi mwa Wamijikenda. Ngano ya unga, kwa sehemu kubwa, huteremshwa kutoka melini huko Kilindini. Ujuzi wa kuzilaza mbaazi usiku kucha, kuzichemsha hadi zikalainika, kuzitia tui la pili zichemke na kuzimalizia kwa kasimile bila kulikata tui, ni ujuzi wa jiko la Kiswahili. Ondoa mmoja wa hao wote, na chakula hakipo.

Tatu, jina lake lenyewe ni somo. Mahamri limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya chachu, mzizi ule ule uliotupa hamira. Lakini Kiswahili hakikuliacha lilivyo. Kililivisha kiambishi ma- cha Kibantu, likaingia katika ngeli pamoja na maembe na mayai, tukasema hamri hili, mahamri haya. Mgeni aliingia nyumbani, akapewa mkeka wake, na leo hakuna amwitaye mgeni. Kama lugha yetu inaweza kufanya hivyo kwa neno, sioni ni kwa nini sisi wenye lugha tushindwe kufanya hivyo kwa mtu.

Najua nitapingwa. Wa kwanza atasema kwamba hiki ni chakula cha watu wa chini na hakiuletei mji heshima. Huyo nitamjibu kwamba heshima ya mji ni kuwalisha watu wake, na kwamba nsima ya Malawi si chakula cha makasri. Wa pili atasema kwamba mbaazi kwa mahamri huliwa pia Lamu, Malindi na hata Unguja, hivyo si vya Mombasa peke yake. Ni kweli, lakini kuskusi iliorodheshwa kwa jina la nchi nne, na hakuna iliyopungukiwa. Kuwakilisha si kumiliki. Wa tatu, ambaye namheshimu zaidi, ataninong'oneza msemo wa kale kwamba mwacha asili ni mtumwa, naye ataogopa kwamba nikifungua mlango kwa wari na ugali, jiko la Waswahili litamezwa. Nitamwambia kwamba jiko hilo limekuwa likipokea kwa zaidi ya miaka elfu moja, na kupokea ndiko kulikolistawisha. Litakalolidhoofisha ni kuachwa lifungiwe katika hoteli za wageni, huku watoto wa Ziwa la Ng'ombe wakiambiwa kwamba si lao.

Walimu wenzangu, nina ombi kwenu. Msiifute midahalo kama hii. Iendeleeni, kwa kuwa ni katika kubishana juu ya jambo dogo ambapo vijana hujifunza kupima makubwa. Lakini tubadili swali. Badala ya kuuliza ni chakula gani kinachoiwakilisha Mombasa, waulizeni wanafunzi walikula nini jana usiku, kinaitwaje katika lugha ya nyumbani, nani alikipika na vitu vyake vilitoka wapi. Waandike majina hayo ubaoni yakiwa yamepangwa sambamba: wali, wari, ugali, ubwali. Waacheni wayasome kwa sauti. Somo la isimu linalohitaji kwangu muhula mzima watalipata kwa kipindi kimoja, tena bila kitabu cha gharama.

Nanyi wanafunzi, mkumbuke kwamba anayecheka chakula cha mwenzake huenda anacheka jina la chakula chake mwenyewe bila kujua.

Mdahalo ule ulikwisha kwa ushindi wa upande wa biriani, kwa alama ambazo na mimi nilizitia sahihi. Walistahili kwa mpangilio wa hoja na ufasaha, sitengui uamuzi. Lakini kulikuwa na nafasi katika karatasi ya waamuzi ya kuandika maoni kuhusu mzungumzaji aliyetoa hoja ya kipekee, nami niliiacha wazi. Leo naijaza hapa. Hoja ya kipekee ilitoka viti vya nyuma. Ilikuwa na maneno machache, ilikuwa ya kweli, na msemaji wake hakupaswa kuketi.